Sauti ya Gacheri Mtandaoni

Siku Wakiuru alipojifunza kwenda laivu, nusu ya kijiji cha Gatitu ilijua, maana aliongea na simu kwa sauti ya mtu anayemwita ng'ombe aliyevuka ua. Mjukuu wake Beth, aliyekuwa amekuja kutoka Murang'a mjini kumfundisha, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Shosho, si lazima upige nduru. Wanakusikia."

"Watanisikia aje na wako mbali?"

"Ongea tu vile unaongeanga na mimi kwa simu."

"Na si mimi huongea na wewe hivi hivi?"

Hilo lilikuwa kweli kabisa.

Lakini tusimcheke sana Wakiuru. Huyu ni mama aliyesuka vyondo, vile vikapu vya katani, tangu usichana wake, akavibeba mgongoni hadi sokoni Nyeri, na jioni akarudi na vingine vikiwa vimeshika vumbi. Uzeeni akaambiwa soko limehamia ndani ya kioo cha simu. Angeweza kusema hayo ni mambo ya watoto, aendelee kulalamika na wenzake baada ya kanisa. Hakusema. Alijifunza kupiga picha kiondo kikiwa kwenye nyasi, mbali na ndoo na kamba ya nguo. Alijifunza kubandika posti nzuri juu kabisa ya ukurasa. Alijifunza kuweka stori, ile inayopotea kesho yake, na jambo hilo lilimuudhi kweli kweli. "Sasa ya nini kuweka kitu na itatoka?" aliuliza, na mpaka leo hajapata jibu la kumridhisha.

Kuna somo moja alilolishika kuliko yote. Simu yake ilikuwa ndogo na ilijaa haraka, kwa hiyo Beth alimwambia video ikishapanda mtandaoni aifute kwenye simu. "Huko juu haiwezi potea, Shosho. Iko safe." Wakiuru akawa anafuta kwa bidii, kama anayefagia kiwanja kabla wageni hawajafika.

Shida ni kwamba hakuna aliyetaka kumsikiliza. Tuseme ukweli. Mikono yake ilikuwa hodari, katani aliisokota pajani ikatoka uzi mwembamba ulionyooka, lakini akishaona ile taa ya laivu, uso wake ulikauka kama wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. "Hii ni kiondo," alisema. "Ina mishipi ya ngozi." Kisha kimya. Watazamaji waliingia, wakatoka.

Hapo ndipo Gacheri alipoingia katika habari hii.

Gacheri alikuwa jirani na rafiki. Aliolewa Gatitu kutoka upande wa Meru, na yeye na Wakiuru wakazeeka wakisuka pamoja, kila mmoja akimwita mwenzake kwa jina la kifungua mimba wake: Gacheri akawa Mama Marete, Wakiuru akawa Mama Kihara. Kama Wakiuru ni mikono, Gacheri alikuwa mdomo. Loo, mdomo ule! Siku ya pili ya laivu alipita kuomba chumvi, akaona mwenzake amekauka mbele ya simu, akavuta kigoda akaketi bila kualikwa.

"Nyinyi mko huko ndani, mmekula?" akaiuliza simu. "Mimi naitwa Gacheri. Huyu ndiye anajua kusuka, mimi najua kusema. Mkitaka kiondo ya kubeba viazi, uliza yeye. Mkitaka maneno, niko hapa."

Kuanzia hapo laivu ya wale mama wawili ikawa ni kitu cha kungojewa. Gacheri alisimulia harusi ya Chuka iliyokosa bwana harusi. Aligombana na wateja, na wateja wakarudi wagombezwe tena. Mwanamke mmoja aliandika akiuliza kama kiondo kinaweza kuoshwa kwa mashine, Gacheri akaweka sindano chini. "Mashini? Wewe mama, hata bwana yako unamwoshanga na mashini?" Kisha akacheka, kicheko kinachoanzia tumboni na kumtikisa mabega, mpaka Wakiuru naye akasahau simu na kucheka kinywa wazi. Vyondo vilitoka. Vilikwenda Nanyuki, Embu, Nairobi, hata kwa binti mmoja aliyeko ng'ambo aliyesema anaangalia laivu ili asisahau nyumbani kunaongewaje.

Basi msimu wa mvua ndefu Gacheri akaanguka jikoni kwake. Kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akiwa hai, na tulishukuru Mungu kwa hilo, lakini mkono wa kulia ulikuwa umelala na maneno yote yamekwenda. Yote! Mtu aliyekuwa na neno kwa kila anayepita njiani, sasa anakutazama tu, na unaona kwenye macho kwamba neno liko, limekwama mlangoni.

Mwanawe Marete anafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri, hangeweza kukaa naye mchana. Kila asubuhi alimleta kwa Wakiuru, akamketisha kwenye kiti chenye mito, na jioni akaja kumchukua. Wakiuru alisuka akimsemesha. Lakini yeye hakuwa msemaji, mnajua, na baada ya mvua na bei ya maziwa alikuwa amemaliza.

Siku moja baada ya chai, kwa kukosa la kufanya, akafungua ukurasa wao na kumchezea ile laivu ya mashine.

Gacheri akasikia sauti yake mwenyewe. Aliinama mbele. Midomo ikaanza kusonga, polepole, ikifuata maneno ya yule Gacheri wa kwenye kioo. Hakuna kilichotoka, lakini Wakiuru aliona, na moyo wake ukaruka. Akairudisha video mwanzo. Kesho yake tena. Ikawa ndiyo kazi yao baada ya chai: simu inaegemezwa kwenye birika, Gacheri anajifuatisha. Na siku moja, baada ya kuhangaika kwa wiki kadhaa, likatoka: "Ma... mashi."

Wakiuru aliruka akamwaga chai. "Mama Marete! Umesema! Sema tena!"

"Mashi," akasema Gacheri, na machozi yakamtoka kwenye jicho moja.

Jioni Marete alipokuja, mama yake akamwambia "mashi", na yule mwanaume mzima akaenda nyuma ya nyumba eti kuangalia mbuzi. Hakuna mbuzi nyuma ya ile nyumba. Wakiuru akamwacha alie.

Kwa hiyo muelewe ukurasa ule ulikuwa nini. Vyondo, sawa, wateja, sawa. Lakini mle ndani ndimo sauti ya Gacheri ilimokuwa, na kidogo kidogo alikuwa akiichukua arudi nayo.

Sasa, Beth. Msichana huyu alimpenda nyanya yake kupita kiasi, na kwa mapenzi hayo hayo alifungua ukurasa wa kwake huko Murang'a, awe akimuuzia vyondo upande ule. Akaweka picha ya kiondo kile kile. Akaweka jina lake kamili: Beth Wakiuru Mwai. Na nyanya yake anaitwa nani? Beth Wakiuru Mwai. Ndivyo mambo yalivyo kwa Wagikuyu: binti wa kwanza wa mwana huchukua jina la mama wa baba. Kihara, mwana wa Wakiuru, alipompata msichana huyu alimpa jina la mama yake lote zima, la ubatizo na la nyumbani, na jina la ukoo ni lile lile la Mwai.

Na kwa Wakiuru hilo halikuwa jina tu. Kihara humwita binti yake "mama". Wakiuru mwenyewe humwita "mimi". Beth alipoanguka akiwa mdogo akachubuka goti, Wakiuru aliwaambia majirani, "Leo nimeanguka, nimeumia." Alipofaulu mtihani wa sekondari, Wakiuru alisimama kanisani akatangaza amepita, na hakuna aliyeshangaa. Alipomwona mtoto yule aliona kwamba yeye mwenyewe hataisha.

Mchana mmoja simu ikalia ting. Ujumbe kutoka kwa wenye mtandao, kwa Kiswahili kilichonyooka: *Tumeona ukurasa mwingine wenye jina na picha kama zako. Je, mtu huyu anajifanya wewe?* Chini yake uso wa Beth, anatabasamu, amebeba kiondo begani.

Wakiuru akacheka. "Mama Marete, ona maajabu. Ati Beth ananiigiza!"

Majibu yalikuwa mawili. *Ndiyo, anajifanya mimi. Hapana, huyu ni mimi.*

Angefinya nini, nyinyi niambieni? Aseme mtoto wa Kihara ni mwizi wa jina, jina alilopewa na baba yake siku aliyozaliwa? Alifinya *Huyu ni mimi*, bila wasiwasi wowote, maana ndivyo alivyosema miaka yote.

Ukaja ujumbe wa pili. *Mtu mmoja haruhusiwi kuwa na kurasa mbili. Chagua utakaobaki.* Hapa alifikiri kidogo. Alisoma mara mbili, akavua miwani akaifuta. Akaona wanauliza jambo la maana: kati ya mzee na kijana, nani aendelee? Yeye macho yalikuwa yanachoka. Mtoto ndiye abaki. Na vitu vya mzee huenda wapi? Huenda kwa mtoto, shamba, vyungu, kila kitu. Video nazo zitamfuata Beth. Akaufinya uso wa Beth. *Una uhakika?*

"Niko na uhakika," Wakiuru akaiambia simu kwa sauti, akaendelea kusuka.

Kesho yake baada ya chai akaegemeza simu kwenye birika. Gacheri akajiweka sawa, midomo tayari. Wakiuru akafungua. Hakuna ukurasa. Akatafuta jina, akaja Beth. Akaingia kwa Beth kutafuta zile video, na pale zilipokuwa akakuta maboksi ya kijivu, moja chini ya jingine, kila moja limeandikwa *Maudhui haya hayapatikani*. Beth hakuwa na video hata moja ya kwake. Alikuwa akizisambaza tu kutoka kwa nyanya yake.

Akapiga simu Murang'a.

"Shosho, ulifinya wapi?"

"Waliniuliza kama wewe ni mimi. Nikasema ndiyo."

Beth alitaka kukasirika, ilisikika kwenye pumzi yake, lakini umkasirikieje mtu kwa jibu kama hilo? "Halafu?" akauliza polepole.

"Wakaniuliza ni nani abaki. Nikasema wewe."

"Ai, Shosho," akasema Beth, na akaanza kulia kwenye simu. Wakiuru alipomsikia ndipo alipojua kwamba mambo yameharibika kweli.

Basi wakahangaika. Walimwendea Ngatia, fundi wa simu hapo stejini pa matatu, akaichimba ile simu ndogo akitafuta vilivyofutwa. Alipata picha za vitako vya vyondo na nusu ya kidole cha Wakiuru. "Mama ulifuta vizuri sana," alisema kwa heshima. Beth alituma rufaa. Jibu lilirudi kabla hajaweka simu mezani: *Ulithibitisha mwenyewe kwamba kurasa zote mbili ni zako.* Wakatuma tena. Wakaambiwa Wakiuru ajichukue video akigeuza kichwa. Alivaa kitambaa cha kanisani, akageuza kushoto, akageuza kulia, akaongeza kutabasamu ingawa hakuombwa. *Asante. Uamuzi haujabadilika.*

"Ofisi yao iko wapi?" Wakiuru akauliza. "Nitaenda. Hata ikiwa Nairobi nitaenda, niwaelezee mtu kwa mtu."

"Hawana ofisi ya kuingia, Shosho."

"Kila mtu ako na ofisi. Hata chifu ako na ofisi."

Akaenda kwa chifu. Chifu alikuwa mtu mwema, akamwandikia barua yenye muhuri kwamba Beth Wakiuru Mwai mkubwa na Beth Wakiuru Mwai mdogo ni watu wawili, anawajua wote na wazazi wao. Wakaipiga picha wakaituma. Jibu halikuja hata la kukataa. Wakiuru aliamka kila asubuhi akiangalia simu kabla ya kuvaa viatu, na hasira ilimpanda, halafu ikakosa pa kwenda. Umgombeze nani? Mashine haina mama.

Aliwaomba wateja aliokuwa na namba zao. Kama kuna yeyote aliyehifadhi laivu, hata kipande. Wengi walikuwa na picha za vyondo vyao. Mwanamke mmoja wa Kangari, kule kwenye majani chai, akaandika kwa furaha: anayo, ile ya mashine! Wakiuru alishika kifua. Ikafika, akaifungua, na kweli Gacheri huyo hapo, sindano inawekwa chini, mdomo unafunguka. Na juu yake kwaya inaimba. Mwanamke yule alikuwa ameondoa maneno yote akaweka wimbo wa injili, ili ipendeze.

Na siku zote hizo, baada ya chai, Gacheri alinyoosha kidole cha kushoto kuelekea simu.

"Haina chaji, Mama Marete," Wakiuru alidanganya.

Kesho yake: "Haina bando."

Siku iliyofuata akasema tena haina chaji, na Gacheri akajiinua kwenye kiti kwa shida, akajivuta hadi dirishani, akarudi na chaja mkononi. Akaiweka mapajani mwa Wakiuru. Hapo Wakiuru alishindwa. Alimwambia yote, la uso wa Beth, la kuchagua, la maboksi ya kijivu. "Nimekupoteza, Mama Marete. Na kidole changu mwenyewe." Gacheri alimtazama muda mrefu. Hakuna aliyejua ameelewa kiasi gani. Lakini kuanzia hapo hakunyoosha kidole tena, na lile "mashi" likaanza kuja mara moja moja, kisha likapungua likawa "ma", na Marete akaacha kuuliza jioni mama amesema nini leo.

Beth akaja kutoka Murang'a, akafungua ukurasa mpya kwa jina la Vyondo vya Gatitu, bila jina la mtu, akawatangazia wateja wa zamani. "Tuanze upya, Shosho. Watu watawapata." Alifikiri anasaidia, na labda ni kweli, maana Wakiuru alikuwa ameacha hata kusuka. Beth alipoondoka, Wakiuru alikaa siku nzima akiutazama ukurasa ule mtupu. Kisha akajiambia huenda Gacheri akijiona tena, akiona na watu wakimwita, neno litatoka. Alilishikilia wazo hilo kwa nguvu zake zote. Akaegemeza simu kwenye birika, akakaa karibu na mwenzake, akafinya laivu.

Watu wakaingia! Wa Nanyuki, wa Embu, hata yule binti wa ng'ambo. *Mmekuwa wapi? Tumewamiss. Mama Gacheri, tugombeze!*

"Mama Marete alikuwa mgonjwa," akasema Wakiuru. Akajaribu kuendelea kwa niaba yake. "Kuna mama aliuliza kama kiondo inaoshwa na mashini. Mama Marete akamwambia... akamwambia..." Maneno aliyajua yote, lakini mdomoni mwake yalikuwa maneno tu, makavu. *Wacha aseme yeye,* mtu akaandika. *Ndiyo, yeye!* wakaandika wengine.

Wakiuru akaigeuza simu, ikamwelekea Gacheri peke yake.

Gacheri alijiona. Macho yakachangamka. Aliinama mbele vile vile kama zamani, akavuta pumzi, akafungua mdomo, na ukaanza kufanya kazi, ukikaza, ukivutwa upande mmoja, shingo ikisimama mishipa. Wakiuru aliyekuwa pembeni alijikuta naye amefungua mdomo, anamsukuma kwa roho yake yote. Sema, Mama Marete. Sema chochote. Mioyo myekundu ikawa inapanda kwenye kioo, mingi, watu wanampenda.

*Hatumsikii,* akaandika wa Embu.

*Kwangu pia sauti imekatika,* akaandika wa Nanyuki.

*Mama Kihara, umezima sauti. Kuna kitufe hapo chini, finya.*

Wakiuru alikijua kitufe hicho, alijua na mahali kilipo, na alijua hakijazimwa. Bado aliinama juu ya simu akaanza kukitafuta kwa kidole, kona hii hadi kona ile, na Gacheri alikuwa angali anajaribu.